Uzoefu wangu na loga ya umeme ya vibano kwenye majengo ya taasisi

Kwa taasisi yenye bajeti ndogo, loga ya fezi tatu, yaani kifaa kinachorekodi matumizi ya umeme saa kwa saa, naiweka mbele ya sola, mbele ya viyoyozi vipya, mbele hata ya taa za LED. Bili ya mwezi inakuambia umetumia uniti ngapi. Haikuambii zimetumika saa ngapi. Loga inakuambia.

Chenyewe ni kisanduku kidogo, nyaya nne za kupimia volti na vibano vitatu vya kufunga kwenye kebo za swichi kuu. Hukati waya wowote, ila kazi inafanyika kwenye bodi yenye umeme, kwa hiyo ni ya fundi umeme aliyesomea. Chukua inayopima volti pia. Zinazopima ampia peke yake hukadiria kilowati, na mota inayozunguka bila mzigo huvuta ampia nyingi kwa nguvu ndogo, basi unapewa namba kubwa kuliko ukweli. Napendelea vibano vinavyopeleka kwenye loga ishara ndogo ya milivolti 333. Vile vya zamani vinavyotoa ampia 5, waya wake ukichomoka wakati kebo ina mkondo, huzalisha volti za kuua.

Vipimo vingi huharibika kwenye ufungaji. Ukibana kebo nzima yenye nyaya zote ndani utasoma karibu sifuri, maana mikondo inafutana. Mshale wa kibano ukielekea upande usio wa mzigo, kilowati zinatoka hasi. Baya zaidi ni kibano cha fezi ya kwanza kukaa kwenye ya pili: ampia na volti zinaonekana safi kabisa, lakini hita za kilowati 10 zilizo kwenye fezi hiyo ya pili zinasomeka hasi 5. Kibano kisichofunga vizuri kwa sababu ya vumbi nacho hupunguza namba. Kabla ya kuondoka, linganisha na mita kuu kwa saa moja. Tofauti ikizidi asilimia 5, rudia ufungaji.

Iache irekodi wiki nzima, kila dakika 15. Ndipo utamu wake unapoonekana. Wiki ina saa 168. Ofisi inayofanya kazi saa 12 kwa siku 5 inatumia 60 tu. Saa 108 zilizobaki jengo halina mtu. Ukiona mstari wa usiku umekwama kwenye kilowati 3, hizo ni uniti 16,848 kwa mwaka, na kwa gridi inayotoa kilo 0.5 za kaboni dioksaidi kwa uniti, ni tani 8.4. Tumia kiwango cha gridi ya nchi yako.

Kumpata mla umeme ni kazi ya jioni moja. Weka loga irekodi kila sekunde, kisha zima breka moja moja, ukiacha seva na kengele za moto, na uandike saa ya kila breka. Wanaojitokeza mara nyingi ni birika kubwa la maji ya moto, feni za hewa safi, na viyoyozi ambavyo saa yake ilirudi sifuri umeme ulipokatika. Dawa ya hao ni taima yenye betri yake. Feni inayohitajika mchana kutwa, kama mota yake inakubali, ifungie kidhibiti cha mwendo: ikizunguka kwa asilimia 80 ya kasi, inahitaji takriban nusu ya nguvu.

Kinachonikera ni programu yake: inachora grafu nzuri lakini haitenganishi usiku na mchana, hivyo lazima uhamishe data kwenye lahajedwali. Na kuna kaboni ambayo loga haiioni kabisa. Kilo moja ya gesi ya kupozea ya R-410A ikivuja kwenye kiyoyozi ni sawa na tani 2 hivi za kaboni dioksaidi, na mita haitatikisika. Kwa hilo dai kumbukumbu za fundi za kila ujazo wa gesi.

Mwenye jengo moja akodishe kwa wiki mbili. Mwenye majengo mengi anunue, na arudie kipimo baada ya kila marekebisho.