Vimulimuli vya sola vya kulinda zizi: tathmini baada ya miezi minane Pawaga

Mwezi Oktoba mwaka jana nilinunua vimulimuli vinne vya sola katika duka moja la pembejeo mjini Iringa, kila kimoja kwa shilingi 38,000, baada ya fisi kuingia zizini kwetu Pawaga na kuua mbuzi sita kwa usiku mmoja. Muuzaji alinihakikishia kwamba vinafukuza kila mnyama mla nyama. Nimevitumia kiangazi na masika, na sasa naweza kueleza ni mnyama yupi anayeviogopa na yupi asiyevijali hata kidogo.

Kifaa chenyewe ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye paneli ndogo ya sola juu na taa mbili nyekundu mbele. Giza likiingia kinawaka chenyewe, mara kwa kasi, mara polepole, bila mpangilio ambao mnyama anaweza kuuzoea upesi, hivyo akiwa mbali hudhani kuna mtu anayelizunguka zizi na tochi. Wazo hilo si geni kwetu Afrika Mashariki: Richard Turere, kijana wa Kimasai wa Kitengela nchini Kenya, aliunda taa zake za kufukuza simba akiwa na umri wa miaka 11, kwa betri ya gari na balbu za tochi.

Kwa fisi, kifaa kinafanya kazi. Nilikifunga kimoja kila pembe ya zizi, na asubuhi ya tatu nilikuta nyayo mchangani zikitoka korongoni moja kwa moja, zikakoma hatua kama ishirini kutoka kwenye uzio wa miiba, zikapinda kuelekea upande wa jikoni, kisha zikarudi zilikotoka. Baada ya wiki sita hatua ishirini zilikuwa zimebaki nane. Nilihamisha taa, nyingine nikazishusha usawa wa goti, naye akarudi nyuma. Tangu hapo nazihamisha kila baada ya wiki mbili, jambo ambalo maelezo ya boksini hayakulitaja.

Boksi hilo, hata hivyo, lina picha iliyonifikirisha. Pamechorwa mbwa mwitu, lakini si huyu wetu mwenye mabaka na masikio ya mviringo. Ni yule wa kijivu wa nchi za baridi, ambaye kwa Kiswahili tumempa jina hilo hilo ingawa ni mnyama mwingine kabisa. Huyo wa kijivu alikuwa ameangamizwa katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani kufikia mwaka 1926, kisha mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 31 kutoka Kanada, nao wakazaana na kusambaa hadi kwenye malisho ya ng'ombe na kondoo ya majimbo jirani. Kundi la kaskazini la wapiti, wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, lilipungua kutoka takribani 19,000 hadi karibu 4,000 katika muda usiofika miaka ishirini, ingawa dubu, puma, wawindaji na ukame navyo vilichangia. Wafugaji wa huko hutumia taa za namna hii, pamoja na vitambaa vyekundu vinavyoning'inizwa kwenye kamba kuzunguka malisho, lakini ng'ombe wao wengi hulala porini majira yote ya joto, mahali ambapo taa nne haziwezi kulinda chochote. Sisi tunaofunga mifugo zizini kila jioni ndio tunaonufaika nazo zaidi.

Sasa nije kwa mbwa mwitu wetu. Yeye huwinda hasa alfajiri na jioni kabla giza halijakolea, na Hifadhi ya Ruaha, yenye takribani kilomita za mraba 20,000, haina uzio wa kumzuia kufika kwetu. Mwezi Mei, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vimulimuli vikiwa vimekwisha kujizima kwa sababu kumekucha, kundi lao lilichukua mbuzi watatu karibu na mfereji, kijana wetu wa kuchunga akipiga kelele hatua chache tu kutoka hapo. Wa nne alirudi nyumbani akiburuta mguu, nyama ya paja ikining'inia kama kitambaa kilichochanika. Jirani alinishauri kutega sumu kwenye mzoga. Nilikataa, kwa kuwa sumu ya namna hiyo huua tai na mbwa wa kijiji kabla haijamfikia aliyekusudiwa, na mbwa mwitu hawa wamebaki takribani 6,600 tu duniani.

Kasoro kubwa ya kifaa ni mpira wa kuzuia maji. Mvua za Machi ziliingia katika viwili, vikazimika, na dukani nikaambiwa havina dhamana. Nilivifungua, nikavianika juani siku mbili, kisha nikaviziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kilifufuka. Vumbi la Pawaga nalo huziba paneli, kwa hiyo ni lazima zifutwe kila wiki.

Navipa nyota tatu kati ya tano. Mwenye uwezo wa kununua wavu wa chuma wa kuzungushia zizi lote aanze na wavu. Mimi nimenunua kimulimuli kimoja badala ya kile kilichokufa, na fedha ambayo ningenunulia kingine nimeiongeza kwenye mshahara wa mchungaji wa pili, mtu mzima, anayetoka na mbuzi jua likishapanda.