Bakara: meza ya kamisheni au isiyo na kamisheni?

Bakara ni mchezo wa karata wa kasino: unaweka dau kwamba upande wa Benki utashinda, au wa Mchezaji, au itakuwa Sare. Kwenye meza zote mbili karata hugawanywa vilevile; tofauti huja Benki inaposhinda. Meza ya kamisheni hukata asilimia 5: dau la 1,000 linaingiza 950. Isiyo na kamisheni hulipa 1,000 kamili, isipokuwa Benki ishinde kwa pointi 6, ambapo unapata 500 tu. Hilo hutokea takriban mara moja katika kila michezo 19, na ndilo wanaoanza hulisahau wakidhani wamepewa bure.

Kwa gharama, meza ya kamisheni inashinda: faida ya kasino kwenye Benki ni asilimia 1.06, dhidi ya 1.46. Kwa wepesi, isiyo na kamisheni ndiyo inashinda, maana hakuna hesabu za makato. Ila wepesi nao una bei: michezo mingi kwa saa, madau mengi mezani. Kwenye meza ya kamisheni, baadhi ya kasino huandika makato na kuyadai unapoondoka, kwa hiyo usimalize pesa zote.

Anayeweka dau kwa Mchezaji pekee hukutana na asilimia 1.24 kwenye meza zote mbili. Aangalie kima cha chini cha dau. Anayependa Benki na hana haraka, kamisheni itamfaa. Sare, kwa malipo ya 8 kwa 1, ni asilimia 14.36: iache popote ulipo.