Spektrofotomita ya mwale mmoja kwa kupima manganisi na fosforasi kwenye feleji: uzoefu wangu

Kifaa hiki hupima myeyusho wenye rangi unanyonya mwanga kiasi gani, kwa mwanga wa nanomita 325 hadi 1000, upana wa bendi (kipande cha mwanga kinachopitishwa kwa wakati mmoja) ni nanomita 4, na hutumia kuveti (vikopo angavu vya kuwekea myeyusho) za sentimita 1. Kwa manganisi kinatosha kabisa, na sababu ni huo upana wa bendi. Manganisi hupimwa ikishageuzwa kuwa pamanganeti ya zambarau, ambayo ina vilele viwili vya kunyonya mwanga vilivyokaribiana, nanomita 525 na 545, na bonde dogo katikati. Kwenye kifaa hiki vinaonekana kila kimoja peke yake. Kifaa chenye bendi ya nanomita 20 huvichanganya, na mstari wa ulinganishi (unaogeuza usomaji kuwa kiasi cha manganisi) hupinda. Kabla ya kununua, uliza hilo kwanza.

Ninayeyusha gramu 0.2 za feleji kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa na kuchemsha hadi moshi wa kahawia uishe kabisa, kwani mabaki yake hula periodeti, kemikali inayogeuza manganisi kuwa pamanganeti. Kisha naongeza asidi ya fosforiki. Usiiruke hatua hii: ndiyo inayoondoa umanjano wa chuma. Halafu gramu 0.4 za potasiamu periodeti, nachemsha, naacha ikiwa moto dakika 10, napoza na kujaza hadi mililita 100. Feleji yenye manganisi asilimia 0.8 husoma unyonyaji wa mwanga karibu 0.7, mahali pazuri sana kwa kifaa hiki. Ikizidi asilimia 1, punguza sampuli.

Sifuri usiipate kwa maji. Chukua sehemu ya myeyusho uleule, tia tone moja moja la sodiamu nitriti hadi uzambarau upotee, ndipo uweke sifuri. Rangi ya nikeli na kromi inabaki humo, hivyo inajitoa yenyewe. Suuza kuveti hiyo vizuri mno. Chembe ya nitriti iliyobaki itaua rangi ya sampuli inayofuata.

Kwa fosforasi, buluu ya molibdeni (rangi inayotokea fosforasi ikiungana na molibdeni) husomwa kwenye nanomita 825, na huko namba hucheza kidogo. Iache taa iwake nusu saa, soma mara tatu. Hata hivyo, makosa makubwa hayatoki kwenye kifaa: feleji ikiyeyushwa kwa asidi ya hidrokloriki pekee, fosforasi huondoka kama gesi ya fosfini na jibu hushuka, vyombo vikioshwa kwa sabuni yenye fosfeti, jibu hupanda. Arseniki nayo hutoa buluu ileile, basi ifukuze kwanza kwa asidi ya hidrobromiki.