Wiki saba mlangoni: uzoefu wangu wa kuingiza gemu dukani nikiwa Kisumu

Gemu yangu iliisha mwezi wa kwanza. Wiki saba baadaye ilikuwa bado haijaonwa na mtu yeyote nje ya watu ninaowajua. Haikuwa na kasoro. Shida ilikuwa kwamba duka la mtandaoni nililoipeleka halikuamini naishi ninapoishi. Naandika haya kwa yule anayeunda gemu peke yake huku kwetu, awe Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru, kwa kuwa nilipokuwa nahangaika nilitafuta maelezo ya mtu wa huku nikayakosa.

Gemu yenyewe ni ya kuvua omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Mjomba wangu ni mvuvi wa Dunga na nimekua nikimsikia akipanga kazi kwa kuangalia mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa zinaelea juu ya maji, omena wanafuata mwangaza, kisha wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu na mashua inarudi nyepesi. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya gemu: una mashua moja, taa nne, na kalenda ya mwezi. Upepo unasukuma magugu maji, na yakikusanyika ufukweni alfajiri unaweza kuuona mji kwa macho yako na usiweze kutua. Tangu 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo mchezaji ambaye hakujiwekea akiba anaumia. Niliiunda kwa Godot, programu ya bure ya kuundia gemu, kwa miaka miwili, usiku baada ya kazi. Mchana natengeneza simu kwenye kibanda karibu na Jubilee Market.

Wakati wa kuchagua duka, nilianza na pesa. Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila gemu. Utaratibu huo ulianza mwaka 2017, badala ya ule wa Greenlight ambapo wachezaji walipigia gemu kura ndipo ziingie. Dola hizo 100 unarudishiwa gemu ikishauza dola 1,000. Ukishalipa unasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuitoa, na ukurasa wake lazima ukae wazi angalau wiki mbili ukitangaza kwamba gemu inakuja. Google Play ni dola 25, mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka. itch.io, duka jingine la mtandaoni la gemu, haidai ada yoyote ya kuingia. Dola 100 kwangu ni karibu shilingi 13,000, yaani kodi ya chumba changu cha Nyalenda karibu miezi mitatu. Steam nikaiweka kando kwa muda, nikaanza na duka jingine la gemu za kompyuta lenye ada ndogo. Hilo sitalitaja kwa jina.

Kujiandikisha kulichukua dakika kumi. Ada niliilipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay na ikapita mara ya kwanza. Kisha ukaja ukurasa wa kuthibitisha makazi: pakia bili ya umeme, maji au simu ya nyumbani, isiyozidi miezi mitatu, yenye jina lako, jina la barabara na nambari ya nyumba.

Stima yangu ni ya tokeni. Natuma pesa kwa simu, unaingia ujumbe wenye tarakimu ishirini, nazibonyeza kwenye mita ukutani, taa inawaka. Hakuna karatasi inayotoka popote, na jina lililo kwenye mita ni la mwenye nyumba. Maji pia ni bili yake, moja kwa ploti nzima ya vyumba kumi na viwili. Barua zangu hupitia S.L.P. ya shule aliyofundisha baba, Kisumu 40100. Nyumba haina nambari. Ukija kunitembelea nitakwambia ushukie kwenye kinu cha kusaga mahindi, uulize ploti ya mwalimu, na mtu yeyote atakuleta mpaka mlangoni. Watu wangapi wa mtaa wetu wana karatasi ile waliyoitaka? Simjui hata mmoja.

Nilijaribu kwanza kwa kupiga picha ujumbe wa tokeni. Jibu lilirudi kabla saa moja haijaisha: hati haikubaliki. Sababu haikuandikwa.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba. Nikamwambia, "Mama, naomba uniandikie barua kwamba naishi hapa." Akanitazama kwa wasiwasi. "Nyathina (mwanangu), kwani umefanya nini?" Nilipomweleza, alivaa miwani, akachana karatasi katikati ya daftari la mistari, akaandika polepole kwa mwandiko wa ualimu: jina langu, nambari ya kitambulisho, mwaka niliohamia, nambari ya ploti. Akatia sahihi. Kesho yake niliamkia ofisi ya chifu, nikapanga foleni, nikagongewa muhuri. Barua hiyo ninayo hadi leo. Muhuri ni wa bluu, tarehe iko katikati, na ukingo wake umepita juu ya sahihi ya mama kama inavyotakiwa ili mtu asije akaibadilisha. Kwa mtu wa Kisumu hakuna hati nzito zaidi ya ile ya kuthibitisha mahali mtu anapolala. Niliiskani vizuri kwenye saiba, kwa rangi, nikaipakia.

Hati haikubaliki.

Hapo ndipo iliponiuma, na inaniuma ninapoandika. Watu wawili wazima, mmoja akiwa afisa wa serikali, walisimama kwa majina yao na kusema kijana huyu anaishi hapa, na neno lao likatupwa bila hata sentensi moja ya maelezo. Nilituma maombi ya msaada mara nne. Majibu manne yalikuwa na maneno yaleyale, jina la chini tu ndilo lililobadilika. Hati ya tatu niliyopeleka ilikuwa taarifa ya benki. Ikakataliwa pia, na safari hii nilikaa nayo usiku kucha nikilinganisha kila herufi mpaka nikaona mambo mawili. Kwanza, anwani yake ilikuwa sanduku la posta. Pili, kitambulisho changu kina majina matatu na benki walikuwa wameandika mawili.

Aliyeniokoa ni dada wa kaunta kwenye tawi la benki hapa mjini. Nilimweleza yote, akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukijua: taarifa za akaunti zina nafasi ya makazi, mbali na ile ya sanduku la posta, ila watu wengi huiacha wazi wanapofungua akaunti. Akaijaza: ploti, Nyalenda B, kando ya Ring Road. Akaniwekea majina yote matatu kwa mpangilio wa kitambulisho. Siku iliyofuata alinipa taarifa mpya yenye muhuri. Niliituma Jumatatu, Ijumaa alama ya kijani ikawaka. Jumla wiki saba tangu siku ya kwanza.

Linganisha na hili: gemu yenyewe, faili zote, picha za skrini, trela, maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, ilikaguliwa na kupitishwa kwa siku tatu. Sina malalamiko na waliokagua gemu. Walinirudishia mara moja tu, kwa kuwa kitufe cha kutoka hakikufanya kazi mtu akitumia kidhibiti cha mkononi. Walikuwa sahihi, nilirekebisha usiku huohuo.

Jambo la kodi lieleweke mapema. Maduka ya Marekani yatakupa W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa watu wa nje, na ndani yake unaweka PIN yako ya KRA, yaani nambari yako ya mlipa kodi wa Kenya. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo yako kwa wateja wa kule hukatwa asilimia 30. Chukua gemu ya dola 5. Duka linachukua asilimia 30, zinabaki dola 3.50. Kodi ya Marekani inakata asilimia 30 ya hizo, unabaki na dola 2.45. Mteja wa Ujerumani au wa hapa Kenya hana makato hayo ya pili. Kabla sijajua hili nilikuwa nimepanga bei ya dola 3. Nikaipandisha.

Wakati nasubiri sikukaa bure. Nilifungua akaunti ya Google Play kwa toleo la simu. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 zina sharti: gemu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo ndipo uombe kuitoa kwa umma. Mwanzoni walitaka watu 20. Nilikusanya mafundi wenzangu wanne, binamu watatu, wanafunzi watano wa Maseno na mwanaboda mmoja wa Kondele, jumla kumi na watatu, ili mmoja akijitoa hesabu isivunjike. Wasiokuwa na bando niliwatumia mimi. Ninasema kwa moyo mweupe kwamba sharti hili lilinisaidia. Yule wa boda aliifungua saa sita mchana kwenye steji, jua likiwaka, akanipigia simu kwamba haoni kitu. Mimi nilikuwa nimeijaribu miaka miwili usiku, chumbani, taa imezimwa. Maji yangu meusi na taa zangu ndogo zilipotea kabisa kwenye skrini ya simu ya bei nafuu juani. Niliongeza mwangaza wa taa mara mbili na kuzipa pete nyeupe pembeni. Nisingelijua hilo bila yeye.

Mahali nilipopata raha ni itch.io. Ipo tangu 2013, na wengi wanaouza humo ni watu wanaounda gemu peke yao au wawili watatu kama sisi. Unafungua akaunti, unapakia faili, unaandika bei, ukurasa uko hewani jioni hiyohiyo. Sehemu ya mauzo inayokwenda kwao unaichagua mwenyewe. Wao hupendekeza asilimia 10, na ukiweka sifuri hakuna anayekuzuia. Mimi nimeacha kumi, kwa kuwa nataka waendelee kuwepo. Malipo yangu yanaingia PayPal, na kutoka PayPal nayatoa kwa M-Pesa. Upungufu wake ni kwamba wapita njia ni wachache. Hakuna mtu atakayejikwaa kwenye gemu yako, ni lazima umlete mwenyewe kwa mkono. Nilibandika karatasi yenye kiungo kwenye kibanda changu na nikawaomba wateja waicheze wakati wanangoja simu zao. Mauzo ya mwezi wa kwanza yalilipa ada ya duka lile jingine na intaneti ya mwezi. Nilifurahi sana.

Kwa alama: itch.io naipa nne kati ya tano. Google Play naipa tatu na nusu, kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi na unajua siku 14 ni siku 14. Duka nisilolitaja naliwekea mbili. Hizo mbili ni za wakaguzi wa gemu. Waliounda mlango wake hawakufikiria kabisa kwamba dunia ina miji ambayo stima hununuliwa kwa simu na barua huja kwa sanduku. Kuwauliza watu hati ni haki yao, wezi wa akaunti wapo. Ninachodai ni sababu ya kukataliwa. Mstari mmoja tu, "anwani ni sanduku la posta" au "majina hayalingani", ungeniokolea zaidi ya mwezi.

Ukianza kuunda gemu leo, nenda benki wiki hiihii. Waambie wajaze nafasi ya makazi na waandike majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha uombe taarifa yenye muhuri uone imetoka vipi. Hakikisha PIN ya KRA inafanya kazi. Fungua ukurasa wa itch.io hata kama una picha tatu tu za skrini, watu waanze kukufuata. Na wale watu 12 wa kujaribu, waandike majina kwenye daftari sasa. Mimi niliyaacha haya yote hadi gemu ilipoisha, nikidhani kazi kubwa imekwisha.

Steam nimeanza kuiwekea akiba. Nimefika shilingi 8,000.

Mjomba aliipakua juzi, usiku wa mwezi mpevu, mashua zote zikiwa zimepumzika Dunga. Alicheza karibu saa nzima bila kusema neno. Kisha akaniambia kwamba taa ya tatu iko karibu mno na mashua, omena hawawezi kupita hapo, niiongezee kamba. Ndiyo kazi ya wiki hii.