Land Rover yangu imeuzika, hasira haijaisha: uzoefu wangu na yadi moja ya magari Dodoma

Nyota moja. Jina la yadi silitaji kwa sababu kuna mtu mmoja pale sitaki aharibikiwe na kazi, mtamjua mbele. Ila kama uko Dodoma na una gari la zamani ulilolifufua kwa jasho lako, soma hapa kabla hujamkabidhi mtu funguo.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, lile refu. Lilikuwa la misheni upande wa Mpwapwa, likaachwa chini ya mbuyu mpaka kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Nikalinunua, tukalifumua lote na fundi wangu wa Majengo, tukalirudisha nati kwa nati. Mambo ya ukubwa wa injini na idadi ya gia mtayasoma wenyewe kwingine, mimi sitawachosha. Niseme tu kwamba halikuwa gari la makumbusho. Injini ya petroli tuliitoa, tukaweka dizeli ya 300Tdi iliyotoka kwenye Discovery. Breki za mbele tukaweka za diski. Usukani tukaufanya wa pawa, maana mke wangu alilijaribu mara moja, akashuka, akanirudishia funguo bila kusema neno. Namba ya injini mpya tuliibadilisha TRA, ipo kwenye kadi. Hilo la kadi lishikeni.

Kwa nini sikuuza mwenyewe? Jamani, mmewahi kuuza gari mtandaoni? Mtu hajaliona, hajauliza hata breki, anaandika "bei ya mwisho?" Ukimjibu, kimya. Mmoja alitaka tubadilishane na kiwanja Nala. Mwingine kiwanja Ihumwa, ananiongezea na bodaboda. Tangu serikali ihamie huku, kila mtu ana kiwanja cha kumsukumia mwenzake. Nikaona bora niwape watu wa kazi hiyo: wana eneo, wana mlinzi, wana kamera, wachukue asilimia 5 yao, mimi nilale.

Na mwanzoni, haki ya Mungu, walinipokea vizuri. Binti wa mapokezi ananiita baba, ananitafutia kiti, ananiuliza historia ya gari na anaandika kwelikweli. Picha walizopiga zilikuwa kali kuliko gari. Walilitoa jioni mpaka kwenye miamba, jua linazama, vumbi kidogo kwenye tairi, mlango wa nyuma uko wazi unaliona turubai jipya limekunjwa. Nilimtumia kila mtu ninayemjua. Siku ile ungeniuliza, ningewapa nyota zote tano na ya sita ningeichora mwenyewe.

Kisha nikasoma maneno ya chini ya picha. "Land Rover Defender 1978, kila kitu orijino."

Tulieni hapo kwanza. Jina la Defender limeanza kutumika mwaka 1990. Mwaka 1978 hakuna gari lililotoka kiwandani Solihull likiitwa hivyo, na Series III zenyewe ziliacha kutengenezwa 1985, Defender haijazaliwa. Halafu hiyo "kila kitu orijino" waliitoa wapi? Gari lina injini ya Discovery! Nimewaambia kwa mdomo, nimewapa kopi ya kadi, na binti kaandika mbele yangu.

Nikapiga simu. Aliyepokea si binti, ni meneja. Akaniambia, "Mzee, wateja wanatafuta Defender. Ukiandika Series hakuna anayekujua." Nikamuuliza na hiyo orijino je? "Mnunuzi akija mtaelewana." Nikaacha. Na kwa kweli simu zilianza kumiminika pale kwao, hapo siwezi kuwanyima sifa yao. Watu walikuja kupiga nalo selfi tu, lakini walikuja.

Basi akaja yule mama.

Ni mfanyabiashara, ana kambi ya wageni upande wa Ruaha, katoka Iringa kwa njia ya Mtera asubuhi ile ile. Nilikuwepo. Hakuigusa rangi, ambayo ndiyo kila mtu alikuwa anaipapasa. Aliomba boksi, akalitandika chini, akalala chali na tochi ya simu, akajivuta chini ya gari. Tukaanza kusikia anagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbele inaposhika springi, taratibu, mpaka boriti ya nyuma kabisa. Anayezijua gari hizi huanzia hapo. Bodi haili kutu. Chesisi ndiyo inayolika, tena kwa ndani, na ukija kuiona kwa nje ujue imekwisha. Ya kwangu ililia ngo, ngo, ngo kila alipogusa. Dodoma tunalalamikia ukame, lakini ukame huu ndio ulioitunza. Gari hilo lingekaa Tanga au Mtwara miaka yote ile na upepo wa chumvi, bisibisi ingezama kama kwenye papai.

Akatoka na vumbi mgongoni, anatabasamu. Akafungua boneti, akaiangalia injini, akasema, "Ahaa, mmemtia dizeli. Afadhali, ile petroli yake ingenifilisi." Nikasema moyoni, limekwenda hili.

Hapo ndipo akatokea "mkaguzi" wao.

Kijana, miwani myeusi, anatafuna bazoka. Mkononi ana sumaku ya spika kuukuu, ile ya mviringo, kaifunga kwa kamba ya kiatu. Hakusalimia. Mama wa umri wa mama yake mzazi, hata shikamoo hakuna. Akaibandika sumaku mlangoni: ikateleza, ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Kwenye madigadi: ikateleza. Ubavuni, hivyo hivyo. Akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa waosha magari: "Mama, mimi huwa sifichi mtu. Hili gari ni puti tupu. Sumaku haishiki popote. Lilipata ajali mbaya hili, wamelijaza."

Puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi kabla ya rangi! Fundi wangu kanyoosha zile bati kwa nyundo ya mpira mpaka kiwiko kikamvimba, leo anaambiwa kajaza puti.

Nikamwambia kwa upole kabisa, na nina mashahidi, "Kijana wangu, bodi ya gari hili ni alminiamu. Sumaku hainasi alminiamu. Hebu iweke kwenye chesisi, au huku ndani kwenye ukuta wa injini, hivyo ni vyuma." Jambo hili si siri ya mafundi wachache. Land Rover za kwanza zilitoka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinapatikana kwa mgao, wakaamua bodi iwe ya alminiamu, na ikabaki hivyo mpaka Series III na baada yake. Mwaka huo huo hapa kwetu Waingereza walikuwa Kongwa wanafyeka mapori walime karanga. Mambo ya zamani hivyo! Na mtu anayelipwa kukagua magari, tena kwenye mkoa ambao Land Rover zilibeba kila bwana shamba na kila padri, hajui.

Akanijibu: "Mzee, usinifundishe kazi. Mimi nimeanza kukagua magari kabla wewe hujajua kuendesha." Wakati mimi naanza kuendesha, baba yake nadhani alikuwa darasa la tatu.

Watu wakajaa. Muuza kahawa kaweka birika chini aangalie vizuri. Mmoja nyuma akasema "mkweche wa misheni" na wenzake wakacheka. Meneja akatoka ofisini, na mimi, mjinga wa matumaini, nikadhani anakuja kumrekebisha mtu wake. Akanijia mimi. "Mzee, punguza jazba, unatufukuzia wateja." Mimi! Nimesimama mbele ya gari langu, mteja ni wangu, na anayemfukuza ana sumaku mkononi.

Nikarudia: weka kwenye chesisi, sekunde moja tu. Kijana akaisokomeza sumaku mfukoni. "Utaratibu wetu ni bodi." Mama akanyoosha mkono, akasema kwa utulivu, "Nipe nijaribu mwenyewe, mwanangu." Akamkatalia. "Ni mali ya ofisi."

Sumaku ya spika, imefungwa kwa kamba ya kiatu, mali ya ofisi.

Mpaka leo nikiwa naendesha peke yangu najikuta nawajibu. Nina majibu mazuri sana sasa, siku ile sikuwa nayo hata moja. Nilibaki nasema "alminiamu, alminiamu", na kila nikilisema lilizidi kuonekana uongo.

Mama hakupiga kelele. Alitoa simu, akafungua tangazo, akamwonyesha meneja. "Hapa mmeandika orijino. Injini hii naijua si yake, na kwangu si tatizo. Ila mkinidanganya kwa kitu ninachokiona, nitawaamini vipi kwa nisichokiona?" Meneja akaniangalia mimi, kana kwamba tangazo niliandika mimi! Mama akajifuta vumbi, akapanda gari lake, akaondoka. Hata namba yake sikuwa nimechukua.

Nikasema natoa gari langu leo hii. Wakanikunjulia mkataba: ukiondoa kabla ya muda unalipa. Nikaomba basi namba ya yule mama. "Taarifa za wateja ni siri." Hapo, kwa shingo upande, niliwaelewa, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022 na siku hizi kila ofisi inaitaja. Ila nilijiuliza kama taarifa za mteja ni siri, taarifa za puti la gari langu zinatangazwa kwa nini mpaka kwa muuza kahawa.

Wiki zikapita. Gari limesogezwa nyuma, karibu na matenki ya maji, vumbi limelifunika mpaka huoni rangi. Tangazo bado linasema Defender. Katika wiki hizo nilikuwa nimeshaandika maoni mengine kichwani, mabaya kuliko haya, yasingefaa kusomwa na watoto.

Halafu mama akanipigia. Namba yangu aliipataje, sitasema. Nitasema tu kwamba kuna binti mwenye akili kuliko ofisi nzima, ambaye siku ile alisimama mlangoni akaona kila kitu, na Mungu ambariki apate kazi mahali penye watu. Mama alikuwa amemuuliza fundi wake Iringa habari ya sumaku, fundi akacheka mpaka akakaa chini. Tukaelewana bei, tukaandikishana kwa wakili, TRA tukabadilisha umiliki bila tabu kwa sababu kadi na injini vilikuwa vinaongea lugha moja. Akaliendesha mwenyewe mpaka Iringa. Amenitumia picha, wageni wamejaa nyuma, turubai limefungwa juu.

Sasa ngoja niwe mkweli, maana kuna watakaosema nina chuki. Asilimia 5 yao niliwalipa yote, bila kubishana. Mama aliliona gari kwenye tangazo lao, na alisema mwenyewe kuwa ni zile picha za jioni zilizomtoa Iringa. Bila yadi, pengine mpaka leo ningekuwa na kiwanja Nala. Kwa hiyo nilipofika kwenye sehemu hii nilikuwa nimeshabadilisha nyota kutoka moja kwenda tatu, nikisema ah, ni vijana, mambo yamekwisha, gari limepata mtu anayelijua.

Ndipo nikaichukua risiti yao niangalie kiasi. Chini ya kamisheni kuna mstari wa maegesho. Sawa, nilikaa pale muda mrefu, ingawa kwenye mkataba haupo. Chini ya maegesho kuna mstari mwingine: "Ada ya ukaguzi wa bodi, shilingi 30,000."

Nimelipia. Nilikuwa nimeshalipia kabla sijasoma, pesa ilikatwa juu kwa juu. Nilimpigia meneja, akasema kila gari linalokaguliwa linatozwa. Nikamuuliza ukaguzi ulibaini nini. Akasema majibu yapo kwenye faili. Nikaomba kuliona faili. Likaja picha moja kwa WhatsApp, karatasi yenye muhuri: "Defender. Bodi: puti."

Nyota imerudi kuwa moja. Kama una IST au Noah inayotaka kuuzika haraka, nenda, wana wateja, na kwa picha hapa mjini sijaona wa kuwashinda. Sumaku yao kwenye gari hizo hata itafaa. Kama gari lako lina umri mkubwa kuliko mkaguzi, mpelekee mtu mwingine.

Mimi mwenyewe nina nyingine nyumbani, Series IIA fupi, bado iko vipande uani, mbuzi wanaipandia. Ikikamilika itahitaji picha. Nimeshamuuliza yule binti kama kijana huwa anachukua likizo mwezi gani.