Forge au Fabric: uweke ipi kwenye Minecraft?

Forge na Fabric ni programu za kupakia modi, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo. Kwanza, zote mbili ni za Minecraft ya Java, ile ya kompyuta. Ya simu haizikubali.

Forge ni mkongwe, ipo tangu 2011, na modi nyingi kubwa zilizaliwa humo. Create, ile ya magurudumu, mikanda na mitambo inayozunguka, ilianzia huko. Mtu anayetaka kucheza toleo la zamani kama 1.12.2 asijisumbue kutafuta kwingine. Ila ni nzito: ukijaza modi mia, utasubiri sana kabla mchezo haujafunguka.

Fabric ilikuja mwishoni mwa 2018. Ni nyepesi, na toleo jipya la Minecraft likitoka haichelewi kulifuata. Kwa kompyuta dhaifu mimi naichagua bila kusita, kwa sababu ya Sodium, modi inayobadilisha namna dunia inavyochorwa kwenye skrini. Mchezo uliokuwa ukikwama unaanza kwenda. Usisahau kuweka pia Fabric API, maana modi nyingi hazifunguki bila hiyo.

Modi ya upande mmoja kwa kawaida haifanyi kazi upande wa pili, basi orodhesha kwanza modi unazozitaka. Tena, mwaka 2023 baadhi ya waendelezaji wa Forge walijitenga wakaanzisha NeoForge. Kwa matoleo mapya, wengi wamehamia huko.

Kwa usalama hazipishani. Modi ni programu kamili. Juni 2023 kirusi fractureiser kilipatikana ndani ya modi zilizopakiwa CurseForge, tovuti ya kupakulia modi, mahali wengi tulipopaamini.