Makro za Excel na ThisWorkbook.Path: nyota nne
Kama unahamisha folda ya ripoti kwa flashi toka kompyuta hii kwenda ile, ThisWorkbook.Path ndo dawa yake: ni kikodi cha kuweka ndani ya makro (programu ndogo ya Excel), kinakupa njia, yaani anwani, ya folda lenye faili la makro hiyo. Badala ya kuandika njia nzima kuanzia C:\Users unaweka Workbooks.Open ThisWorkbook.Path & "\mauzo.xlsx" na makro inalifata faili hapo hapo ilipo yenyewe, we hamisha popote. Ile \ usiisahau, Path haiji nayo mwishoni. Ukiweka jina tupu bila Path Excel inaangalia folda inayotumika muda huo, so leo inafungua kesho inagoma, inaboa balaa yani. Nyota moja nimeitoa sababu ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, huko Path inaweza kukurudishia anwani ya https halafu Dir, amri ya kutafuta faili kwenye folda, haikuelewi.